Watoto wa vigogo hata Chicago wapo, tena wengi

Kuna wabongo wenzangu huku Marekani wakipiga simu nyumbani wanaongea kama wamehamia peponi, eti huku mtoto wa kiongozi akigombea anaanzia sifuri sawa na mtoto wa mama ntilie. Mimi naishi Illinois, pembeni kidogo ya Chicago, na nawaambia hizo ni fiksi. Siasa za huku ni ukoo kwa ukoo. Daley baba kawa meya wa Chicago kuanzia 1955 mpaka anafariki 1976, Daley mtoto kaja kukaa 1989 mpaka 2011, na wala hao siyo wanaonikera.

Chukua uchaguzi wa jimbo la Illinois wa 2002 (jimbo huku ni state nzima, siyo jimbo la mbunge kama kwetu). Aliyegombea ugavana kwa Democrat alikuwa Rod Blagojevich, aliyemuoa binti wa Richard Mell, diwani wa kata ya 33 pale Chicago, mzee mwenye watu wake wa kugonga mlango kwa mlango siku ya kura. Aliyegombea Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikuwa Lisa Madigan, miaka 36, useneta wa jimbo miaka minne tu, na baba aliyemlea ni Michael Madigan, Spika wa Bunge la Wawakilishi la Illinois na hapohapo mwenyekiti wa chama jimboni. Yaani baba anashika Bunge, anashika chama, halafu binti anaomba ofisi ya sheria ya jimbo. Mpinzani wake Joe Birkett, mwendesha mashtaka wa kaunti ya DuPage, alimkomalia hapohapo, uzoefu uko wapi na huyo mzee wako itakuwaje. Wote wawili walishinda, mkwe na binti.

Na kama unadhani vikao vya kupanga majina ni vya Dodoma tu, sikia hii. 2004 mbunge wa Congress Bill Lipinski kashinda kura za maoni za chama vizuri kabisa, mwezi wa nane anasema ah jamani nimechoka, nastaafu. Sasa jina la kuchukua nafasi yake linatoka wapi? Kwenye kikao cha viongozi wa chama wa maeneo, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na kikao kikamteua mwanae Dan, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha chuo huko Tennessee, jimbo lingine kabisa! Dogo akakaa Congress miaka 16. Sisi 2020 tuliimba wajumbe si watu wazuri, kumbe huku wajumbe ni baba mtu.

Kwa hiyo tofauti siyo kwamba huku ni malaika. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba hapa swali la "huyu si mtoto wa fulani?" linaulizwa usoni kwa mgombea, kwenye mdahalo, kwenye gazeti, kwenye vipeperushi vinavyojaa kwenye sanduku langu la barua, na mgombea inabidi ajibu. Kwetu ukiliuliza unaambiwa una wivu, unachochea, au unajibiwa kwa ukali "kwani mtoto wa kiongozi siyo Mtanzania?" Ni Mtanzania bwana, nani kabisha? Ridhiwani alipogombea Chalinze 2014 baba yake akiwa bado Ikulu alikuwa na haki yake. January Makamba alipochukua Bumbuli 2010 mzee wake ndo alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, na sisemi alibebwa, kijana ana kichwa chake. Ninachotaka kujua mimi ni kitu kidogo tu, kile kikao kilichopitisha majina mzee alikaa ndani au alitoka nje? Nani alichangia hela za kampeni na leo anapata tenda gani? Hayo ndo maswali ya maadili, hayo ya Utanzania ni ya kutupoteza maboya.

Hela sasa. Juzi kaja kijana mlangoni kwangu anaombea kura mgombea wa Bunge la jimbo, mpole, viatu vimejaa theluji. Alipoondoka nikafungua simu nikaingia tovuti ya bodi ya uchaguzi ya Illinois, nikaandika jina la huyo mgombea wake, na orodha yote ikashuka: jina la aliyechangia, anuani, kiasi, tarehe. Mchango wa dola 1,000 kwenda juu unatakiwa uripotiwe ndani ya siku chache tu, hausubiri uchaguzi upite. Nikakuta chama cha wafanyakazi, wakili, mwenye kampuni ya kumwaga lami, na watu watatu wenye jina la ukoo sawa na la mgombea, nikacheka mwenyewe jikoni, chai inapoa. Kwetu viongozi wanajaza tamko la mali na madeni kila mwaka, Sekretarieti ya Maadili ipo tangu sheria ya 1995, lakini lile tamko siyo kitu cha kufungua kwenye simu ukiwa jikoni. Na sheria ya gharama za uchaguzi tunayo tangu 2010, jaribu tu kumuuliza mgombea wa kwenu fulana na kofia kalipia nani uone atakavyokuangalia.

Ila nisiwapambe sana hawa. Hiyo orodha haikuwazuia. Mpaka 2011 Illinois haikuwa hata na kikomo cha mchango, unampa gavana kiasi unachotaka, na sheria ya kuweka kikomo ilikuja baada ya Blagojevich kuwaaibisha. Na yeye alianza kuharibikiwa kwa ugomvi wa kifamilia! 2005 alifunga dampo moja lililokuwa na mkono wa ndugu wa upande wa mkewe, mkwewe Mell akapandisha hasira akasema hadharani kwamba vyeo kwenye bodi za jimbo vinatolewa kwa wachangiaji, baadae akayarudisha maneno, lakini too late, wachunguzi washasikia. 2008 wakamkamata, kosa kubwa lililovuma ni kutaka kuuza kiti cha useneta alichoacha Obama. Miaka 14 jela, Trump akamtoa 2020, na tarehe 10 Februari 2025 akamsamehe kabisa. Siku mbili baadae, Madigan mzee anatiwa hatiani na mahakama ya shirikisho, kati ya mambo yaliyomponza ni kampuni ya umeme ya ComEd kuwapa watu wake ajira na mikataba ili imvute upande wa kampuni, wengine wanalipwa bila kazi ya maana. Kampuni ilishakubali faini ya dola milioni 200 tangu 2020. Mzee akapewa miaka saba na nusu. Waliomkamata ni serikali ya shirikisho, maana ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo kwa miaka 16 ilikuwa ya binti. Simtuhumu Lisa, lakini we mwenyewe fikiria, ungetegemea afanyeje?

Na ni huyohuyo Lisa ndo kanipa kitu ambacho kwetu sijawahi kukisikia. Julai 2013 kila mtu anamtabiria ugavana, hela za kampeni anazo, jina analo, akatangaza hagombei, kwa sababu baba hang'oki uspika na siyo sawa jimbo kuwa na gavana na spika wa nyumba moja. Hakuna sheria iliyomzuia. Mwezi huohuo Mell kang'atuka udiwani baada ya miaka 38, meya akamteua nani kata ya 33? Binti yake, Deb Mell. Familia mbili, mji mmoja, mwezi mmoja. Deb alikaa mpaka 2019, akapigwa kwenye duru ya pili kwa kura 13. Kura 13 tu, ukoo umekaa pale tangu 1975!

Mwaka jana binamu yangu alichukua fomu ya udiwani nyumbani, akaniweka kwenye grupu la michango, kama la harusi vile. Nikauliza tu, wengine waliochangia ni kina nani na tutawaandika wapi. Kimya. Baadae akaja inboksi: "Kaka, tuma ulichonacho, hayo mambo ya wazungu tutaongea nikishinda." Nilituma dola 50, na asubuhi nikakuta nimeshatolewa kwenye grupu.