Ndeke Yangu Ilipoona Haya

Kabla hujaanza kunicheka, ngoja nianzie Likasi, maana balaa lote lilianzia huko.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120 za lami. Nilikwenda kupiga video ya harusi, nikarudi usiku kwa basi dogo, begi la droni, ndiyo ndeke yangu ya kupigia picha kutoka juu, nimelibana katikati ya miguu. Njiani akapanda mama mmoja na kiroba cha unga wa mahindi. Kondakta akatazama huku na huku, akaona magoti yangu, akasema, "Weka hapo, papa atavumilia." Papa alivumilia. Begi halikuvumilia. Nilipolifungua nyumbani nikakuta kijiti cha kulia cha telekomande ya kuiongozea kimekatika shingoni, na ncha yake yenye nyuzi za skrubu imebaki ndani ya tundu kama mwiba wa samaki kooni. Fundi wa simu aliichokoa kwa sindano ya kushonea, huku akinieleza kwamba kazi ndogo ndiyo yenye bei kubwa.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo sijawahi kumsamehe: "Sasa papa, kwa nini hukuvifungua?"

Kumbe vinafunguka! Miaka miwili nimebeba ile telekomande na vijiti vyake vimesimama kama pembe za mbuzi, kila begi likivisukuma, kila abiria akivikalia. Kumbe unakishika kijiti kwa vidole viwili, unakizungusha kinyume cha saa, na kinatoka kama kifuniko cha valvu ya baiskeli. Tena kwenye ubavu wa chini kuna vishimo viwili vya kuvilaza. Mimi nilidhani vile vishimo ni urembo.

Mtu mwenye akili zake angevilaza humo, hadithi ikaishia hapo. Lakini mimi nilitikisa telekomande nikaona kijiti kimoja kinacheza kwenye kishimo chake, nikajiambia hiki siku moja kitadondoka kwenye taksibasi, na kitu kilichodondoka kwenye taksibasi ya Lubumbashi mhesabu marehemu. Nikatafuta chombo cha maana. Kiberiti nikakikataa, batoto wa nyumbani wangekichukua. Kopo la maziwa ni kubwa mno, vijiti vinapiga kelele humo kama zawadi ya mtoto mchanga. Mwisho nikapata kichupa cheupe cha dawa ya kichwa, kimebaki kitupu, kifuniko chake kinabana. Nikatia pamba chini, vijiti viwili, pamba juu. Nikakitikisa sikioni: kimya. Nilijipongeza kweli. Nani ataiba dawa ya kichwa?

Hakuna anayeiba dawa ya kichwa. Watu huiomba tu.

Jumamosi yenyewe tukaenda Kenya. Wasomaji wa Nairobi mkae chini: Kenya hii ni komuni ya Lubumbashi, na ina watu wake na soko lake. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 16, ndiye mbeba begi. Karatasi ya ruhusa ya kurusha ilikuwa mfukoni, betri zimejaa, viatu nimevipaka rangi. Bwana harusi alikuwa ameshanilipa nusu, kwa dola, na nusu nyingine ingekuja baada ya video. Kazi kubwa waliyonipa ilikuwa moja tu: maharusi wanapotoka kanisani, droni iwe juu, iwazunguke, ionyeshe ule msururu wa magari yenye maua. Vitu vingine, bwana harusi alisema, hata shemeji yake mwenye simu anaweza.

Ibada ikaendelea. Nikapiga picha za pete, nikapiga picha za mchungaji, nikapiga za yule mjomba anayelala kwenye kila harusi. Zilipobaki kama dakika kumi, nikatoka uani, nikaiweka droni juu ya kipande cha katoni, nikamwambia kijana: "Lete kile kichupa cha dawa."

Kijana akatazama viatu vyake.

"Hakimo, baba mdogo."

Nikamwaga begi lote chini. Betri, nyaya, panga za akiba, kitambaa cha lenzi, chapati niliyoisahau tangu Alhamisi. Kichupa hakuna. Nikajilaani. Nikaona kabisa, kama sinema, kichupa kimebaki juu ya kabati nyumbani Katuba, na mke wangu anakipangusa vumbi. Kumbuka kwamba kijana hakusema neno lingine. Nami sikumuuliza.

Ndani wakaanza kuimba wimbo wa kutoka.

Sasa, telekomande isiyo na vijiti inabaki na matundu mawili tu yanayokutazama. Lakini kwenye skrini kuna kitufe cha kupaa. Nikawaza, ikishapaa, Mungu atajua. Nikabonyeza. Ndeke ikanguruma, ikainuka vizuri sana, ikafika mita moja na kidogo kutoka chini, ikasimama. Ndivyo ilivyopangwa: ikipaa yenyewe hupanda mita 1.2, kisha husubiri amri ya vijiti. Amri haikuja. Ikabaki hapo, usawa wa tumbo la mtu mzima, ikininginia kama mgeni asiyejua akae wapi.

Na hapo ndipo bwana wa protokole, ambaye nilikuwa nimemsifia droni hii asubuhi nzima, akashika maikrofoni: "Mabibi na mabwana, sasa inueni macho juu mbinguni!"

Watu mia mbili wakainua macho mbinguni. Wakaona mwembe. Wakaona waya za umeme. Polepole, mmoja baada ya mwingine, macho yakashuka, yakashuka, mpaka yakafika kwenye mshipi wa suruali yangu, ambako droni ilikuwa inapepea vumbi jekundu kwenye viatu vya mzee wa kanisa. Wigi moja likageuka upande. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, iyi ndeke inaona haya?"

Nikabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani. Ikashuka hapo hapo kwenye katoni, maana kwake ilikuwa haijatoka nyumbani. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo onyesho lenyewe.

Mlangoni mwa uwanja kuna muuza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na kwenye sahani yake palikuwa na vijiti vya kuchokolea meno. Sijui akili ile niliitoa wapi. Nilichukua vinne, nikampa noti bila kungoja chenji, nikakichomeka kimoja kwenye tundu la kushoto na kimoja la kulia. Vikakaa! Nikapaisha tena, nikasukuma kile cha kushoto taratibu kwa ncha ya kidole. Droni ikapanda. Mita tatu, tano, nane. Watu wakashangilia, na mimi jasho linatiririka hadi kwenye soksi.

Kisha nikasukuma cha kulia ili iende mbele, na kijiti kikasema *tik*.

Kimekatika. Ncha imebaki ndani. Unakumbuka Likasi? Tundu lilelile.

Kwa asiyerusha, nieleze msiba huu ulivyo. Kijiti cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kugeuza. Cha kulia ndicho cha kwenda mbele, nyuma na pembeni. Kwa hiyo nilikuwa na ndeke inayoweza kupanda na kujizungusha, lakini haiwezi kusogea hata hatua moja, kama mbuzi wa kamba fupi. Nikaipandisha ipite mwembe na waya, nikaanza kuigeuza ili angalau irekodi kitu. Ikarekodi mabati. Ikarekodi kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba na bomba lake refu la moshi, ambacho mji huu ulikikuza kwa miaka mingi tangu tanuru lilipowaka mwaka 1911. Ikarekodi jirani mmoja aliyekuwa anaoga nyuma ya uzio usio na paa, naye, mtu wa heshima zake, akaipungia mkono wenye sabuni. Maharusi haikuwarekodi, maana walikuwa upande wa nne, na nilipofika upande wa nne walikuwa wanakumbatiwa na watu wote wa ukoo.

Nikakumbuka zile picha za kujiendesha. Unachora kisanduku kwa kidole kumzunguka mtu kwenye skrini, unachagua mzunguko, na droni yenyewe inamzunguka bila kuhitaji kijiti. Nikainamisha kamera kwa kile kigurudumu cha pembeni, nikamwona bibi harusi, mweupe pe, nikachora kisanduku. Kidole kilikuwa na jasho, jua linawaka kwenye skrini, sikuona vizuri kilichoshikwa. Nikabonyeza. Ikaondoka! Ikazunguka uwanja mzima, laini kama siagi, juu ya magari yenye maua, juu ya vitenge vya sare, ikarudi pale pale ilipoanzia. Protokole akapaza sauti, watu wakapunga mikono. Nikashusha, nikaketi juu ya begi, nikala ile chapati ya Alhamisi.

Usiku nikafungua video, mke wangu yuko begani. Picha nzuri, siwezi kusema uongo. Haitikisiki. Katikati kabisa ya picha, toka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko, amesimama mama mnene mwenye gele jeupe kichwani na mkoba mweupe.

"Bibi harusi yuko wapi?" mke wangu akauliza.

Bibi harusi alipita mara mbili pembeni, kama mtu anayepeleka soda.

Nikasogeza picha karibu nimwone huyo mama ni nani. Ni mama shangazi, dada ya baba wa bwana harusi. Anafungua mkoba. Anatoa kichupa cheupe. Anang'oa pamba. Anajimwagia kitu kiganjani, anakitazama kwa jicho moja, anakifuta kwa ncha ya kitenge, anakitia mdomoni.

Mke wangu aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, akabaki huko anacheka. Mimi nilikwenda kumwamsha kijana.

"Baba mdogo," akasema bila kufungua macho, "alisema kichwa kinamuuma. Na wewe umenifundisha kuheshimu wakubwa."

Jumatatu nikaenda Ruashi, na sukari kilo mbili mkononi. Mama shangazi akanikaribisha, akaniletea munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kikombe kikubwa, akanihoji kwanza habari za watoto, za mama yangu na za bei ya makala ya kupikia, mpaka nikaishiwa majibu. Kisha akasema mwenyewe:

"Mwanangu, ile dawa yako. Haiyeyuki."

"Shikamoo tena, mama. Siyo dawa. Ni vijiti vya ndeke."

"Niliimung'unya tangu kutoka kanisani mpaka kukata keki."

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Kichwa kiliisha!" Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyebeba dhahabu akidhani ni mawe. "Haina uchungu, haichafui tumbo, na mutu anaitumia tena na tena. Unainunua wapi?"

Akaingia chumbani, akarudi na kijiti kimoja kwenye sahani ndogo, kimeoshwa, kinang'aa kuliko siku nilipokinunua. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikangoja. Akakaa.

"Na cha pili, mama?"

"Aa, ile ya pili. Dada yangu alikuja kwa harusi, ana goti. Amerudi nayo jana, Likasi."

Nadhani nilitoa sauti fulani, maana aliniongezea munkoyo.

"Usiogope, haiwezi kupotea," akasema. "Ameifunga kwenye kona ya kitenge, mafundo mawili, na kitenge amejifunga kiunoni. Wewe unazifunga katika nini?"

Sikumjibu. Nikamwomba ampigie dada yake simu, amweleze kwa adabu kwamba kijana wa ndeke anakuja kukichukua, kwamba Jumamosi ana harusi nyingine, na kwamba bwana harusi huyu hajatoa bado ile nusu iliyobaki. Akapiga, akaweka sauti kubwa, akaeleza yote hayo vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mwenyewe. Upande wa pili pakawa kimya, kisha nikasikia kiti kinasogezwa, mtu anainuka, anapiga hatua tatu nne sakafuni, anarudi.

"Mwambie angojee kidogo," ikasema sauti ya Likasi. "Leo limeanza kukunjika."