Pampu ya Maji ya Waipa Imenitoa Jasho

Hivi nani aliwaambia mafundi wa Kampala kwamba maji ya waipa ni anasa? Nauliza tu kwa upole. Peleka gari haina breki uone watakavyokuheshimu, watalala chini, wataguna, watakuletea na kiti ukae. Sasa nenda kawaambie kapampu ka maji ya kioo kamekufa, wanakutazama kama mtu aliyekwenda hospitali ya Mulago kuomba kulazwa kwa sababu ya chunusi.

"Mzee, si ubebe tu chupa ya maji."

Chupa! Kila mtu ni chupa. Mama watoto chupa, jirani chupa, hata afande wa trafiki aliyenisimamisha barabara ya Entebbe kioo kimejaa tope akachungulia ndani, "mzee unaona kweli? Huna hata chupa?" Jamani hiyo chupa naitumiaje nikiwa naendesha? Yaani niko zangu Northern Bypass, mbele lori la mchanga linanirushia tope, nyuma taksi inanipigia honi, boda kushoto, boda kulia, na boda mwingine sijui katokea wapi kabeba kitanda, ndio nishushe kioo nitoe mkono nimwagie maji? Nilishajaribu, maji yote yalirudi ndani yakaniishia kwenye shati la kazini.

Na usiombe upite kando ya ziwa jioni wale wadudu wametoka. Wanajipasua kwenye kioo, ukiwasha waipa kavu ndio umeharibu kabisa, wanapakazwa kioo kizima mafuta mafuta, gari ikija na taa mbele yako huoni barabara unaona mwanga tu, unaanza kuendesha kwa imani.

Banange, huu ugonjwa haukuanza ghafla. Mwanzo ukivuta mkono wa waipa pampu inalia wiii lakini maji hayaji. Hiyo ilikuwa rahisi, ikilia maana yake ni nzima, fundi akachukua sindano akazibua vile vitundu vya kwenye boneti, vilikuwa vimegandwa na sabuni ya unga (aliyeitia namjua, tunaishi nyumba moja, tuyaache). Baadaye hata kulia ikaacha. Fyuzi tukaichomoa, nzima. Fundi akachomoa plagi ya pampu akaweka taa yake ya kupimia, mimi nikavuta mkono wa waipa, taa ikawaka. Basi umeme unafika, mota haizunguki, hapo hakuna cha ramli, marehemu ni pampu.

Sasa kuifikia. Pampu yenyewe saizi ya kidole gumba, imechomekwa chini ya tangi la maji, na tangi limefichwa huko ndani ya fenda nyuma ya bampa. Toa tairi, toa plastiki ya ndani ya fenda, skrubu zote zina kutu, moja ikikatika fundi anasema "hii ilikuwa imeshakufa mzee," nyingine ikikatika, "na hii pia." Nimegundua kwenye gari yangu kila kitu hufa kabla fundi hajakigusa.

Haya, soko la Kisekka kutafuta spea. Hujaweka hata mguu chini vijana wamekuzunguka, ssebo (yaani bwana) shokabu, ssebo taa, ssebo saidi mira. Nikasema pampu ya maji. Kijana akakimbia akarudi na pampu ya maji ya injini, chuma kizito hicho. Si hiyo, ya kioo! Aaah, ya kioo, akakimbia tena akaja na za Toyota konzi nzima. Shida gari yangu si Toyota, ni ya Kijerumani ya 1999, wenzake hata kuingia nchini hawaruhusiwi tena tangu sheria ya 2018 ipige marufuku kuleta magari yaliyopita miaka 15. Na pampu yake ina madaha, ina midomo miwili, mota ikizunguka huku inasukuma maji kioo cha mbele, ikizunguka kinyume yanaenda kioo cha nyuma. Mota moja, kazi mbili, mshahara hamna.

Tukaipata kwenye gunia. Mwenye gunia akagusisha nyaya kwenye betri kuukuu, ikalia wiii kwenye kiganja chake, mimi moyo ukaruka lakini nikakunja uso asije akapandisha bei. Alisema 80,000, tukavutana mpaka 35,000, na bado aliondoka anacheka, nikajua nimepigwa.

Fundi akapaka sabuni kwenye ule mpira wa kuzibia, akaichomeka, haivuji hata tone, akarudisha plastiki, akarudisha tairi. Nikavuta mkono wa waipa. Waipa za mbele krrr krrr kwenye vumbi kavu, maji yakaruka kioo cha nyuma. Nikasukuma. Waipa ya nyuma ikafuta kavu, maji yakaja mbele.

"Fundi, umepishanisha ile mipira miwili ya kupitisha maji."

"Maji si yanatoka?"

"Yanatoka nyuma!"

"Na ukisukuma?"

"Yanatoka mbele."

"Sasa shida iko wapi mzee?"

Kubadilisha mipira yenyewe ni dakika tu, lakini mpaka tairi itoke tena na plastiki itoke tena na skrubu zilizobaki nazo zife, anataka 15,000 nyingine. Nikakataa kata kata. Sasa nasukuma maji yaje mbele, halafu nawasha waipa za mbele haraka kabla hayajakauka, huku nyuma ile waipa inakwaruza kioo kikavu. Nimeshazoea, vidole vinajua vyenyewe.

Tatizo ni anayeazima. Juzi shemeji kaichukua kwenda Masaka, kufika Lwera akanipigia anapumua juu juu, ati gari ina mashetani, anataka maji mbele inampa nyuma. Nikamwambia tulia shemeji, usivute, sukuma, kisha washa waipa mwenyewe. Akanyamaza kidogo.

"Sawa shemeji. Na breki nazo nikanyage ipi?"