Kibao cha "Watawa Tu"

Mwaka jana nilisikia lawama mbili juu ya nyumba moja ya watawa kusini mwa Tanzania, nyumba ambayo sitaitaja kwa kuwa wenyewe hawakuniomba niwatetee. Ya kwanza ilitoka kwa ndugu yangu aliyekwenda huko kufanya mafungo ya siku tatu, yaani kujitenga kwa ukimya na sala. Alilalamika kwamba amelipia chumba kama mtu mwingine yeyote, na bado kila alipoifuata baraza iliyo upande wa pili wa kanisa alikutana na mlango wenye kibao kilichoandikwa "Watawa tu". Ya pili ilitoka kwa mzee mmoja wa parokia, aliyesema kwa uchungu kwamba siku hizi monasteri imekuwa hoteli, ina orodha ya bei ukutani na soda kwenye friji. Mmoja anailaumu nyumba hiyo kwa kujifungia, mwingine anailaumu hiyohiyo kwa kujifungua mno, na kila mmoja ameona anachokisema kwa macho yake.

Wanaotaka milango ifunguliwe zaidi wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote haihusu fedha, inahusu historia. Misheni ya Peramiho, mwendo wa kilomita zipatazo 24 magharibi mwa mji wa Songea, ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini Wajerumani wa shirika la St. Ottilien. Ilichomwa moto katika vita vya Maji Maji vya 1905, mwaka uleule ambao mwanzilishi wake, Cassian Spiss, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa askofu, aliuawa akiwa safarini kuelekea huko. Kisha ikajengwa upya katika nchi ambayo ilikuwa bado inawalilia watu wake walionyongwa pale Songea tarehe 27 Februari 1906. Mngoni anayesimama leo mbele ya kanisa lile na kutaka kujua nini kilitokea hapo, nani alichoma, nani aliadhibiwa na nani alirudi kujenga, haombi fadhila kwa mtu. Historia hiyo ni yake kama ilivyo ya watawa, na ni vigumu kumweleza kwamba maswali yake yasubiri kwa sababu kengele imelia.

Aidha, watasema watu hao, Wabenediktini waliokuja kwetu hawakuwa wakaa pweke wa jangwani hata kidogo. Walikuja na hospitali, shule, karakana za useremala na mitambo ya kuchapia, na wengi wetu tulilisoma jina la Ndanda–Peramiho kwenye kitabu cha sala cha nyumbani kabla hatujajua kwamba Ndanda ni mahali na Peramiho ni mahali pengine. Nyumba iliyokaa zaidi ya miaka mia moja na wagonjwa, wanafunzi na mafundi mlangoni pake inawezaje leo kudai kwamba watalii ishirini wataivunjia utulivu? Na nyumba kama Hanga, jumuiya ya watawa Waafrika iliyoanza mwaka 1957 na kufanywa abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abate, mwaka 1994, inapaswa kujilisha kwa mikono ya watu wake. Mgeni anayelipa ni sehemu ya mikono hiyo.

Nayakubali haya karibu yote, ila nadhani kile kibao cha mlangoni kimeeleweka vibaya.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6 na ambayo nyumba hizi zote huifuata, ina sura 73, na sura ya 53 ndiyo inayohusu wageni. Sentensi yake ya kwanza inajulikana kila mahali: wageni wote wafikao wapokewe kama Kristo mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayesema siku ile, "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Ndiyo wanayoitegemea wanaosema kwamba mlango uliofungwa ni usaliti. Shida ni kwamba wengi wetu tunaishia hapohapo. Sura inaendelea kuagiza kwamba mgeni, akishafika, aongozwe kwanza kwenye sala, na baada ya sala ndipo mkuu wa nyumba aketi naye. Inaagiza pia kwamba jiko la wageni liwe peke yake, kwa sababu wageni huja saa zisizojulikana na monasteri haiwakosi kamwe, nao wasiwasumbue ndugu. Ndugu wawili wapangiwe jiko hilo kwa mwaka mzima na wapewe wasaidizi kazi inapozidi. Na inaagiza kwamba mtawa asiyepewa ruhusa, akikutana na mgeni, amsalimu kwa unyenyekevu, amwombe baraka, kisha apite zake akimweleza kwamba haruhusiwi kuzungumza naye.

Maagizo hayo yote yametoka kwenye kalamu moja, katika sura moja. Aliyeandika kwamba mgeni ni Kristo ndiye aliyeandika kwamba mgeni apikiwe kando, na hakuna dalili kwamba aliona mgongano wowote. Msomaji wa pwani hapati taabu kulielewa jambo hili, kwa maana anajua itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ajili ya ibada. Msikiti uko wazi kwa kila anayekuja kuswali katika kumi la mwisho la Ramadhani, lakini hakuna atakayepitisha kundi la watu wenye kamera katikati ya waliokaa itikafu akasema kwamba nyumba ya Mungu ni ya wote. Ni ya wote kwa kile kinachofanyika ndani yake, na kinachofanyika kikikoma, hakuna tena cha kumkaribishia mtu.

Kuna gharama moja ambayo haionekani kwenye risiti ya mgeni, nayo hunisumbua kuliko nyingine zote. Gharama hiyo ni saa ya bruda wa wageni. Chukua mfano wa nyumba inayokutana kanisani mara tano kwa siku. Kundi linafika saa tano asubuhi. Kusalimiana, maji ya kunywa, kuulizia choo, kanisa, karakana, bustani, picha ya pamoja mbele ya mnara, kisha picha nyingine kwa kuwa mmoja alikuwa amefumba macho: hapo hakuna chini ya saa moja na nusu, na sala ya mchana imepita. Kundi la pili likifika alasiri, Masifu ya Jioni nayo yamepita. Fanya hivyo siku nne kwa wiki, kwa mwaka mzima kama ule ambao Kanuni iliwapangia ndugu wa jikoni, na utakuwa umemtoa mtu mmoja katika maisha aliyowekea nadhiri ukamfanya mpokezi wa hoteli aliyevaa kanzu. Yeye hatasema neno, kwani alifundishwa kwamba anayebisha ni Kristo. Wageni hawatajua, kwani walimkuta akitabasamu. Na abate mwenye watu wachache anaowaamini kwa kazi hiyo atamwongezea mwaka wa pili.

Si tatizo la leo. Antoni wa Misri, anayeitwa baba wa watawa, aliuhama mlima wake wa kwanza na kwenda mbali zaidi jangwani kwa sababu watu walikuwa wamemzidi. Wale waliobaki mahali pao walijifunza kuhesabu. Mlima Athos wa Ugiriki, ambako monasteri ya Lavra Kuu imekuwapo tangu mwaka 963, huruhusu kwa siku Waorthodoksi 100 na wasio Waorthodoksi 10, na kibali cha kawaida ni cha usiku tatu. (Wote ni wanaume, marufuku ya wanawake kule ni mjadala mwingine, na siitetei hapa.) Hesabu hiyo huwaudhi wengi, hasa ile 10, lakini ifuate hadi mwisho wake. Watu 110 kwa siku, kila mmoja akilala usiku tatu, ni watu 330 kwa usiku. Gawa kwa monasteri kuu 20 zilizopo, unapata wageni 16 au 17 kwa kila nyumba. Hicho ndicho kiasi ambacho nyumba zenye uzoefu wa miaka elfu moja, zenye mabweni na meza zilizojengwa kwa ajili hiyo, zimeona kwamba zinaweza kukibeba bila kuacha kuwa zilivyo. Kosta moja iliyojaa inayoingia ghafla kwenye uwanja wa monasteri yetu, Jumamosi moja tu ya mwezi, huleta watu wengi kuliko hao, nasi tunashangaa bruda akionekana amechoka.

Kuhusu orodha ya bei, hapo siko upande wa mzee wa parokia. Bahasha ya sadaka inaonekana takatifu kuliko bei, lakini mwenye kipato kidogo huumia nayo: analala usiku kucha akijiuliza kiasi gani kitamwaibisha. Bei iliyoandikwa humpa amani. Kanuni yenyewe haioni haya juu ya fedha. Sura ya 57, inayozungumzia kazi za mafundi wa monasteri, inataka bidhaa zao ziuzwe kwa bei iliyo nafuu kidogo kuliko ya watu wa nje. Kipimo hicho kinafaa kwa vyumba pia, na ni rahisi kukagua: lala gesti ya mjini, kisha lala kwa watawa, ulinganishe. Ninachokiogopa ni kingine. Sura ileile ya 53 inasema kwamba maskini na mahujaji ndio wapokewe kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa tajiri, kuogopwa kwake tu kunatosha kumpatia heshima. Siku ambayo aliyefika kwa Land Cruiser atafunguliwa geti kabla hajapiga honi, na aliyeshuka kwenye bodaboda ataulizwa ana shida gani, hapo orodha ya bei itakuwa imefanya ubaya, na soda ya kwenye friji haitahusika.

Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kuchanganya safari mbili ambazo zinafanana barabara tu. Mtu wa ziara anahitaji mwenyeji anayezungumza: amweleze miaka, amwonyeshe mitambo, amjibu juu ya Maji Maji bila kukwepa. Mtu wa mafungo anahitaji mwenyeji anayenyamaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Wabenediktini mgeni wa mafungo hupewa jembe lake jioni ya kwanza, nalo ni kitabu cha masifu na nafasi kwenye benchi, na akilikataa, chumba chake hakina tofauti na chumba kingine chochote chenye kitanda na chandarua. Ukimtaka bruda mmoja awahudumie hawa wawili kwa saa moja, atawakosa wote.

Wakartusiani, watawa wa maisha ya upweke, wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa walilimaliza jambo hili kwa namna ambayo inanivutia. Monasteri yao haitembelewi kabisa. Lakini tangu mwaka 1957 jengo lao la zamani liitwalo Correrie, kilomita kama mbili kutoka hapo, limekuwa jumba la makumbusho, na humo mgeni huelezwa historia yao na namna wanavyoishi, bila mtawa hata mmoja kuacha chumba chake. Sisi hatuhitaji ukali huo. Wabenediktini si Wakartusiani, na kanisa la abasia halina budi kubaki wazi kwa watu wote. Ila ziara ingeweza kuongozwa na walei: mwalimu mstaafu wa historia, fundi aliyekulia karakanani, kijana wa kijijini aliyesomea utalii, akalipwa kutokana na kiingilio. Yule Mngoni niliyemtaja angepata mtu mwenye muda wa kubishana naye, badala ya bruda anayetazama saa kwa siri. Watakaopinga watasema kwamba wageni huja kumwona mtawa, hawaji kumwona mwalimu mstaafu. Basi wamwone pale alipo, kanisani, mara tano kwa siku, bure.

Katika nyumba ileile iliyolaumiwa mara mbili, nilikuwapo siku kwaya moja ilipofika na Kosta saa kumi na mbili kasoro jioni, ilhali walikuwa wamepangiwa saa nane. Kengele ya Masifu ya Jioni ilikuwa inalia. Bruda wa wageni, mzee mwenye fimbo, alitoka hadi kwenye ngazi ya gari akamwambia kiongozi wao, "Karibuni sana. Sala kwanza, halafu nitawatembeza." Kama nusu yao walimfuata, wengine walibaki garini na simu zao, na dereva alilala. Baada ya nusu saa hivi watawa walitoka, giza limeshaingia, na mzee akawatembeza wote, waliosali na ambao hawakusali, kwa kurunzi: karakana, mashine ya kukobolea, makaburi ya wamisionari. Kwenye mlango wenye kibao, msichana mmoja alisimama.

"Shikamoo, Bruda. Samahani, na huku kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Huku ni chumbani."

Msichana akasema, "Aa," na kundi likageuka kurudi garini.