Wanafunzi Waitwe Kabla ya Michoro Kukamilika

Niliwahi kuhudhuria kikao cha wadau ambacho chuo kikuu kimoja kilikiitisha ili kuonyesha mpango mkuu wa kampasi yake. Ukutani ilibandikwa michoro ya kupendeza, yenye miti, vijia na majengo ya vioo, na wawakilishi wa wanafunzi wakaombwa watoe maoni. Mmoja wao akauliza kama madirisha ya bweni jipya yataweza kufunguliwa. Akajibiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu na kwamba, kwa vyovyote vile, zabuni ilikuwa imekwisha kutangazwa. Nilitoka pale nikiamini, na hadi leo naamini, kwamba hapakuwa na swali lenye uzito kuliko lile.

Kampasi hukusanya kwa pamoja karibu mambo yote yanayourahisishia ugonjwa wa kuambukiza kazi yake. Vijana kutoka mikoa na mataifa mbalimbali huwasili katika wiki moja, hulala wawili au wanne katika chumba kimoja, hubanana katika kumbi za mihadhara, hula katika bwalo moja, kisha wakati wa likizo hutawanyika kurudi walikotoka. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria ilitufunza jambo hili muda mrefu kabla ya UVIKO-19, kwa kuwa bakteria wake huweza kukaa kooni mwa mtu asiye na dalili yoyote, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi mabwenini wamejulikana kwa miaka mingi kuwa katika hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana Uingereza ilianza mwaka 2015 kuwapa wanaoingia chuo kikuu chanjo inayokinga aina 4 za bakteria hao. Miaka miwili kabla ya hapo, vyuo vya Princeton na Santa Barbara nchini Marekani vilipata milipuko ya aina nyingine, na ikabidi kitolewe kibali maalumu cha kutumia chanjo ambayo ilikuwa bado haijasajiliwa nchini humo.

Chanjo hutibua mipango ya ugonjwa mmoja mmoja. Jengo, kwa upande wake, huamua mazingira ya kila ugonjwa utakaokuja kwa miaka 50 au zaidi, ukiwemo ule ambao bado haujapewa jina. Kwa sababu hiyo mimi huuhesabu mpango mkuu wa kampasi kuwa waraka wa afya, hata kama haukuandikwa na daktari yeyote.

Tuchukue hilo suala la madirisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyochukua katika hospitali za Lima, nchini Peru, ambako kifua kikuu ni tatizo kubwa. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilishiwa hewa takriban mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vya kutengea wagonjwa vilivyotegemea mitambo vilifikia mara 12 tu. Majengo ya zamani, yaliyokuwa na dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda yale ya kisasa. Sisemi kwamba mitambo haina maana, kwani penye baridi kali au moshi mzito haiepukiki. Nasema kwamba aliyechora dirisha lisilofunguka amewaamulia maelfu ya watu wasiomjua hewa watakayovuta.

Kwa hiyo niliufuatilia kwa masikitiko mjadala uliozuka katika chuo kile kile cha Santa Barbara kuhusu bweni lililokusudiwa kulaza wanafunzi wapatao 4,500, ambalo vyumba vyake vingi vya kulala havikuwa na dirisha hata moja la nje, bali taa zilizoigiza mwanga wa mchana. Wazo lilikuwa la mfadhili, Charlie Munger, bilionea ambaye hakuwa msanifu majengo. Msanifu mshauri wa chuo alijiuzulu mwaka 2021 kwa kuupinga mradi, wanafunzi wakapaza sauti, na kufikia mwaka 2023 chuo kilikuwa kimegeukia mpango mwingine. Watu wengi walifurahia ushindi huo. Mimi nilibaki nikijiuliza ni miaka na fedha kiasi gani vingeokolewa iwapo wanafunzi wangeulizwa mwanzoni, maana hahitajiki mtaalamu kutambua kwamba mtu anayejitenga chumbani kwa siku 10 akiwa mgonjwa anahitaji hewa ya nje na nuru ya jua, kwa mapafu yake na kwa utulivu wa akili yake pia.

Kwamba inawezekana kuwaita mapema si ndoto. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilipohamishia kitivo chake cha tiba Woluwe-Saint-Lambert, mjini Brussels, wanafunzi wa udaktari waliyakataa majengo makubwa yanayofanana waliyokuwa wameandaliwa, wakataka aitwe msanifu Lucien Kroll. Aliitwa, na mapema katika miaka ya 1970 akabuni makazi pamoja nao, yenye kuta za ndani zinazohamishika ili wakazi wajipangie vyumba wenyewe. Katika miaka hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Oregon, nchini Marekani, kikiongozwa na mawazo ya msanifu Christopher Alexander, kiliachana na ramani moja isiyobadilika na kuweka utaratibu ambao watumiaji wa jengo, wanafunzi wakiwemo, huketi katika kundi linaloelekeza usanifu wake.

Ushiriki wa namna hii uko mbali sana na ule wa kujaza dodoso. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipago 8: vya chini ni vya kuwahadaa watu, vya katikati ni vya kuwaarifu na kuwasikiliza bila ahadi, na vya juu tu ndivyo vinavyowapa mamlaka. Katika makala yake alionyesha bango la wanafunzi wa Ufaransa lililonyambua kitenzi kimoja: mimi nashiriki, wewe unashiriki, yeye anashiriki, sisi tunashiriki, ninyi mnashiriki, wao wananufaika. Kikao nilichokihudhuria kingestahili bango hilo mlangoni.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba wanafunzi ni wapita njia, kwamba baada ya miaka mitatu au minne wataondoka na jengo litabaki. Ni kweli wanaondoka, lakini wanaokuja baada yao huishi vile vile, na uongozi wa chuo haulali bwenini. Tena upitaji njia haujawahi kuwazuia wanafunzi kufanya jambo la kudumu katika afya ya dunia. Mwaka 2001 wanafunzi wa Yale waliungana na Madaktari Wasio na Mipaka kukishinikiza chuo chao, kilichomiliki hataza ya stavudini, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, na katika kipindi cha wiki chache kampuni iliyoiuza ililegeza masharti na kushusha bei yake nchini Afrika Kusini. Walioshiriki walihitimu wakaenda zao. Wagonjwa waliendelea kunufaika.

Ninachokitaka, basi, ni kwamba wanafunzi wapewe viti vyenye kura katika kamati ya mpango mkuu tangu siku bajeti inapojadiliwa, kwa sababu kufikia hatua ya michoro idadi ya vitanda kwa chumba huwa imekwisha kuamuliwa na mhasibu. Saa wanazotumia zitambuliwe kama kazi ya masomo, la sivyo atakayeweza kuhudhuria ni yule tu asiyelazimika kujitafutia ada. Wapewe pia vifaa vya kupimia hewa ukaa, ambavyo ni vidogo na havina ugumu wowote: hewa ya nje huwa na chembe takriban 420 za gesi hiyo katika kila milioni, na idadi inapopanda sana ndani ya ukumbi, maana yake ni kwamba waliomo wanavuta tena pumzi walizozitoa wenzao. Wakiyapima majengo yaliyopo kwa muhula mmoja, bwalo, maktaba na vyumba vya kulala usiku madirisha yakiwa yamefungwa, watakuja mezani na takwimu zao wenyewe. Na wafanya usafi waketi pamoja nao, kwani hakuna anayejua kuliko wao ni choo kipi kilichokaa bila maji wiki nzima.