Chumvi ya Peter Jackson: Bilbo alipotelea wapi katika sehemu ya pili ya The Hobbit?

Mashabiki wa Tolkien, mwandishi wa kitabu cha The Hobbit, wana kambi mbili kuhusu The Desolation of Smaug, filamu ya pili ya The Hobbit iliyotoka Desemba 2013. Kambi moja inasema mwongozaji Peter Jackson amekiharibu kitabu kwa kuingiza mambo ambayo hayamo. Nyingine inasema kitabu ni kitabu na sinema ni sinema, anayetaka kitabu akae nyumbani asome. Mimi naipenda filamu hii kuliko ile iliyoitangulia, na imeniudhi kuliko ile iliyoitangulia. Kilichoniudhi, lakini, sicho wanachokilalamikia wengi.

Kwa ambaye hakusoma: Bilbo Baggins ni hobiti, kiumbe mfupi mwenye miguu ya manyoya na mapenzi makubwa na chai yake, anayechukuliwa na mbilikimo 13 awe mwizi wao. Wanakwenda Mlima Mpweke kuikomboa hazina ya mababu zao inayolaliwa na joka liitwalo Smaug. Kitabu kilitoka mwaka 1937, kiliandikwa kwa ajili ya watoto, na msomaji mwepesi anakimaliza kwa siku mbili tatu. Mpango wa Jackson ulikuwa filamu mbili. Julai 2012, upigaji picha mkuu ukiwa umeshakwisha, ikatangazwa kuwa zitakuwa tatu. Kwa hiyo hii ya katikati ilibidi itafutiwe mwisho ambao kitabu hakina, na saa mbili na dakika arobaini za kujaza kabla ya kuufikia.

Sasa tuseme haki. Katika nyongeza hizo zipo zilizolipa deni ambalo Tolkien mwenyewe aliliacha. Mfano ni Bard, mpiga mishale atakayeliua joka. Kwenye kitabu anajitokeza ghafla mji unapokaribia kuungua, mtu wa sauti nzito ambaye hatujawahi kuambiwa habari zake, anapiga mshale wake wa mwisho na kazi imekwisha. Nilipokisoma mara ya kwanza nilirudisha kurasa nyuma nikidhani nimeruka sura. Jackson anamleta mapema: mwenye mashua, mjane, anayepitisha watu na samaki kimagendo mbele ya walinzi wa mji wa ziwani, watoto watatu wakimsubiri nyumbani. Luke Evans anamwigiza kama mtu aliyechoka kuogopa wakubwa. Ukifika wakati wa mshale utakuwa unamjua, na utamwombea.

Nyingine ni ya pete ya Bilbo, ile ya ajabu inayomfanya asionekane. Katika msitu wa Mirkwood Bilbo anaidondosha, kadudu kachanga kanapita juu yake, naye anakashukia kwa upanga, anakakatakata kwa hasira isiyolingana na kosa. Kisha anaiangalia pete mkononi, anaangalia damu, na uso wa Martin Freeman, anayemwigiza Bilbo, unabadilika: hofu, aibu, halafu kichefuchefu. Kitabu hakina tukio hili. Sisi tuliokulia hadithi za pete zenye majini hatuhitaji kuelezwa. Chombo cha namna hiyo hakikutumikii bure. Ni sekunde chache tu, lakini zinaifunga filamu hii na The Lord of the Rings vizuri kuliko safari zote za mchawi Gandalf kwenye magofu ya Dol Guldur.

Tauriel, askari wa kike wa Waelfi aliyebuniwa kwa ajili ya sinema, ananiacha katikati. Kitabu hakina mwanamke mwenye sehemu yoyote ya maana, kwa hiyo hoja ya kumwingiza naikubali. Na Evangeline Lilly anastahili sifa: anapomwambia Legolas, mwana wa mfalme wa Waelfi, kwamba uovu wa nje ya mpaka ni wetu pia, anasema jambo zito kuliko yote yanayosemwa katika jumba la mfalme huyo. Kisha anapewa mapenzi na mbilikimo Kili, huku Legolas akinuna pembeni. Lilly mwenyewe amesema hadharani kwamba alikubali kazi kwa sharti la kutowekwa katikati ya wanaume wawili, na baadaye, waliporudi kupiga picha za nyongeza, sharti likavunjwa. Inaonekana kabisa kwenye filamu. Ni kiraka.

Hapa ndipo ninapoachana na kambi ya kwanza. Wao wanahesabu vilivyoongezwa; mimi naangalia aliyeporwa. Kila chumvi inapozidi, anayepungua ni Bilbo.

Chukua mapipa. Kwenye kitabu Bilbo anakaa ndani ya jumba la Waelfi siku nyingi akiwa haonekani, anaiba chakula, anachunguza milango, anagundua mto unaopita chini ya ghala la mvinyo, anamwibia mlinzi mlevi funguo, anawafungia wenzake ndani ya mapipa. Ndipo anakumbuka hakuacha mtu wa kumfungia yeye. Hapo ndipo mbilikimo wanapoanza kumtegemea kwa dhati. Kwenye filamu kifungo kinapita upesi, funguo zinapatikana, na mara mtoni kuna vita: Maorki, wale viumbe waovu, kingo zote mbili, Legolas akirukaruka juu ya vichwa vya mbilikimo, mbilikimo Bombur na pipa lake wakidunda nchi kavu na kuwaangusha maadui kama mchezo wa kompyuta. Nilicheka, sitadanganya. Ukumbi mzima ulicheka. Ila mtafute Bilbo humo: anaelea, anameza maji.

Au gamba la Smaug. Kitabuni, Bilbo analisifu joka mpaka linageuza tumbo kuringia fulana yake ya vito, na hapo anaona sehemu tupu ya kifua cha kushoto. Anawasimulia wenzake, ndege mdogo anasikia, ndege anampasha Bard. Mshale ule, kwa maneno mengine, umeanzia kwenye ulimi wa hobiti. Jackson anatuambia mapema kwamba gamba lilishang'olewa zamani na mshale wa mmoja wa mababu wa Bard, na kazi ya Bilbo inabaki kuthibitisha kwa macho. Fidia anayopewa ni ya mlangoni: mbilikimo wanakata tamaa jua lilipozama, Bilbo peke yake anabaki na kugundua kwamba mwanga uliosubiriwa ni wa mwezi. Wazo zuri, lakini ili lifanye kazi inabidi watu waliotembea miezi mizima, waliofungwa na kuwindwa, waupe mlima mgongo baada ya kuhangaika mlangoni kidogo tu. Thorin, kiongozi wao, ninayemjua mimi angelala pale wiki nzima.

Halafu Bilbo anashuka chini, na kwa muda ule malalamiko yangu yote nayaweka kando. Sarafu zinateleza chini ya miguu yake, jicho linafunguka kwenye rundo la dhahabu, na Benedict Cumberbatch, sauti ya joka, anaanza kuongea. (Ndiyo, yeye na Freeman, Sherlock na Watson wa tamthilia ya BBC, wamekutana tena.) Joka linajua kuna mtu, halimwoni, hobiti anajua akinyamaza amekufa, akisema sana pia amekufa. Anajipa majina ya sifa, linafurahishwa, linadadisi, na kwenye moja ya majina hayo neno la mapipa linamponyoka, linanusa watu wa ziwani. Hakuna upanga wala mshale, ni maneno tu na hatari. Huyu ndiye mwizi aliyeajiriwa.

Haidumu. Mbilikimo wanaingia, kunakuwa na kukimbizana, matanuru yanawashwa, sanamu kubwa ya dhahabu inamiminwa wakitumaini kulizamisha joka ndani yake. Smaug anaibuka akiwa amepakwa dhahabu, anajikung'uta, anaruka kwenda kuuchoma mji ambao alikuwa ameshatamka kwamba ataushambulia kabla ya pambano lote hilo. Ondoa matanuru na hadithi haisogei hata inchi. Yamewekwa kwa sababu filamu ya katikati ilihitaji kishindo cha mwisho, na kishindo chenyewe, kifo cha joka, kilishatengwa kwa Desemba 2014. Tena huko kwenye filamu ya tatu Smaug anauawa kabla hata jina la filamu halijaonyeshwa kwenye skrini. Yaani tukio ambalo lingeipa hii mwisho halali likaliwa na nyingine kama kionjo, na Bard, ambaye filamu hii ilimhangaikia kiasi kile, tunaachana naye akiwa kifungoni, mshale wake ukiwa umefichwa ndani ya mashua.

Nikiirudia siku hizi naanzia mashua ya Bard inapokatiza ukungu, na nasimamisha pale tanuru la kwanza linapowaka.