Seva nyingi ndani ya mashine chache: akiba ipo, lakini isirudi yote hazina

Ukiingia chumba cha seva cha taasisi kubwa hapa Kisumu, iwe hospitali, chuo kikuu au ofisi za kaunti, mara nyingi utaona historia nzima ya zabuni imepangwa ukutani. Aliyeuza mfumo wa mishahara alikuja na seva yake. Wa maabara naye akaleta yake. Ushuru, faili za wagonjwa, barua pepe, kila mfumo na mashine yake. Nyingi ya mashine hizo hushinda zikitumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, lakini stima zinakula usiku na mchana, na joto zinalotoa lazima kiyoyozi kiliondoe. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku husaidia kidogo. Kisumu, kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, kiyoyozi hakipumziki.

Ndiyo maana wakuu wengi wa TEHAMA wanataka kuhamia kwenye mashine pepe. Programu iitwayo haipavaiza hukaa juu ya mashine moja yenye nguvu na kugawa prosesa, memori na diski, ili seva kumi au ishirini, ndizo hizo mashine pepe, ziishi humo, kila moja na mfumo endeshi wake. Si jambo geni: IBM ilikuwa ikilifanya kwenye kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Kwenye seva za kawaida kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyolisambaza, na tangu 2007 uwezo huo, kwa jina la KVM, umo ndani ya kiini chenyewe cha Linux, mfumo endeshi huria.

Mimi niko upande wa wanaotaka kuhama, na si kwa sababu ya stima tu. Faida kubwa zaidi ni uhuru kutoka kwa chuma, yaani mashine yenyewe unayoigusa. Seva ya kawaida ikianza kutoa onyo kwamba memori yake ina hitilafu, fundi husubiri usiku wa Jumapili, huomba ruhusa ya idara tatu, kisha huizima akiwa na wasiwasi kama itaamka. Kwenye mashine pepe anaihamisha ikiwa kazini. Memori yake inanakiliwa kwenda mashine ya pili kupitia mtandao, vipande vya memori vilivyobadilika wakati wa kunakili vinarudiwa, na mwishoni inasimama kwa muda mfupi mno kabla ya kuendelea upande wa pili. Karani wa maabara anaendelea kuandika majibu bila kujua lolote. Fundi anafungua chuma kilichobaki kitupu saa nne asubuhi, akiwa na akili timamu.

Sasa wanaopinga. Wapo wanaopinga kwa mazoea tu, na hao sitawajibu. Lakini ipo hoja moja nzito: seva ya mishahara ikifa leo, ni mishahara tu iliyosimama, ukikusanya mifumo yote kwenye mashine moja, ikifa hiyo, hospitali nzima inarudi kwenye karatasi. Hoja hiyo ni kweli tupu. Na ndiyo makosa yanayofanywa mara kwa mara, kwa sababu mkuu wa fedha akisikia mashine moja inatosha kazi ya kumi, hununua moja.

Hesabu sahihi huanzia mashine tatu. Tuseme kila moja ina memori ya gigabaiti 256. Jumla ni 768, lakini unaruhusiwa kutumia 512 tu, maana moja ikianguka, mbili zilizobaki lazima zibebe mzigo wote. Tatu pia kwa sababu ya kura: mawasiliano kati ya mashine yakikatika, upande wenye mashine nyingi ndio unaoendelea, la sivyo pande mbili zitaandika data ileile na kuiharibu. Asiye na bajeti ya tatu anunue mbili, kisha aweke kompyuta ndogo ya kupiga kura tu. Mwenye uwezo wa moja pekee, ushauri wangu ni abaki alivyo.

Halafu kuna stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizimika. Siku kama hiyo jenereta ikigoma, mashine pepe zinapaswa kufungwa kwa mpangilio kabla betri za UPS hazijaisha: programu kwanza, hifadhidata baadaye. Kuziamsha ni kazi nyingine. Seva inayothibitisha nywila za wafanyakazi ikiwa nayo ni mashine pepe, na fundi anahitaji nywila hiyohiyo ili aiwashe, amefungiwa nje. Dawa ni rahisi: akaunti moja ya dharura, imeandikwa kwenye karatasi ndani ya sefu.

Wahalifu nao wanajua kwamba mlango ni mmoja. Februari 2023 maelfu ya mashine zenye ESXi, haipavaiza ya VMware, duniani zilifungwa na virusi vya kudai fidia, kupitia tundu la programu ambalo kiraka chake, yaani marekebisho ya kuliziba, kilikuwa kimetolewa miaka miwili kabla. Kwa hiyo nakala rudufu lazima ikae nje ya mtambo huo, kwa nywila tofauti. Picha ya papo hapo (snapshot) ya mashine pepe inayokaa kwenye diski zilezile haihesabiki.

Bei ya leseni imebadilisha mjadala. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa muda, kwa hesabu ya viini (cores) vya prosesa. Kwa taasisi inayopangiwa bajeti kwa shilingi, huo ni mzigo unaorudi tena na tena kwa dola. Proxmox ya Austria, inayotumia KVM, ni programu huria na msaada wake hulipiwa ukiutaka. Inadai fundi anayeijua Linux vizuri, na mafundi hao wapo hapa magharibi, mradi walipwe vya kutosha wasihamie Nairobi.

Vipo vya kuachwa nje. Kompyuta ya mizani ya miwa kwenye kiwanda cha ukanda wa Muhoroni, iliyounganishwa kwa waya na mizani yenyewe, ibaki peke yake. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kadiri unavyosubiri, na foleni ya matrekta langoni haipaswi kutegemea mtambo wa ofisi.

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na zabuni nyingi huandikwa kwa haraka kabla ya hapo. Anayeandika ya seva aongeze sharti moja: kabla ya malipo, kamati ya ukaguzi na upokezi ikutane chumbani, fundi wa muuzaji achomoe waya wa umeme wa mashine mojawapo kati ya tatu, na wajumbe wangoje waone mifumo yote imerudi yenyewe kwenye mbili zilizobaki.