Waliovuka Bara na Frasila Mbili Begani

Kila mtu akiivuka Afrika kwa miguu, magazeti humwita "wa kwanza". Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Russ Cook, Mwingereza aliyekimbia kutoka Cape Agulhas hadi Ras Angela, Tunisia, kwa siku 352, zaidi ya kilomita 16,000. Sina ugomvi naye. Aliibiwa Angola, mgongo ukamtesa, viza ya Algeria nusura imkwamishe, na bado akafika. Ninachokikataa ni hizo orodha zinazotungwa baadaye, kana kwamba bara hili halikuwa na watembeaji.

Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni hadi India, alitoka pwani na wapelelezi Waingereza Speke na Grant mwaka 1860, wakatokea Cairo 1863. Mwaka 1873 akatoka tena Bagamoyo na Mwingereza mwingine, Cameron, na Novemba 1875 wakaiona Atlantiki upande wa Benguela, Angola. Nakubali, huko chini ya Nile walipanda mashua. Haya, toeni hizo kilomita, zilizobaki zinatosha. Na kabla yake, wachuuzi wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walikwishatoka Angola kwa miguu wakafika Tete, Msumbiji, mwaka 1811.

Lakini Bombay angalau alipewa medali na pensheni kutoka London. Wanaoniuma ni wapagazi. Pagazi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, siku baada ya siku. Hakuna orodha ya rekodi niliyoona yenye safu ya uzito.

Tazama mtumba wenyewe. Nguo za pamba, merikani na kaniki, ziliviringwa zikakazwa kama mto mrefu, zikavikwa makanda, zikapigwa kamba, na fito ngumu zikafungwa kwa nje. Fito hizo zilikuwa na kazi. Zilizuia mtumba usipinde, maana uliopinda unamla mtu shingo. Zilikinga nguo na unyevu na mchwa. Na pagazi akitaka kupumua aliusimamisha mtini, kisha akauvuta begani bila kuinama. Kuinama na kilo 32 ndiko kunakovunja kiuno. Waya ulikwenda kwa mzegazega, mti uliowekwa begani, uzito ukigawanywa ncha mbili.

Posho ilikuwa kibaba kwa siku, karibu gramu 700 za nafaka, na ilinunuliwa njiani kwa nguo na ushanga. Ukikosea rangi ya ushanga inayopendwa mahali, mzigo mzima haukununulii hata kibaba kimoja.

Mtihani mkubwa ulikuwa maji. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Penye ukame, kama Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, mpango uligeuzwa. Asubuhi watu walibaki penye maji, wakateleka, wakala, wakajaza vibuyu. Mchana waliondoka, wakatembea hadi giza, wakalala pasipo tone la maji, na kabla ya mapambazuko wako njiani tena. Hiyo ndiyo telekeza. Hesabu yake ni kwamba kati ya kunywa na kunywa, saa nyingi ziwe za jioni na usiku. Kirangozi, kiongozi wa msafara, akichelewa kuwaamsha watu, jua la siku ya pili linawakuta na vibuyu vitupu, na hapo mizigo inaanza kuachwa njiani, kisha watu. Ndui na kuhara viliwamaliza wengine, na hongo ya Ugogo, yaani ushuru wa kupita, iliwaweka siku nzima wakila posho bila kusogea.

Ustadi ule wa kufunga mzigo ndio ulioufikisha mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi, pwani. Mwaka 1873 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameutoa mwili huo kwa Chitambo alikofia, katika Zambia ya leo, na walipopita Unyanyembe, karibu na Tabora, njia ilizuiwa, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa nguo wa kawaida. Wakafunga na mabua yaonekane kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika. Mtumba wa kweli ukapita begani mchana kweupe, na Februari 1874 ukatuliwa Bagamoyo.